Muulizeni Kijana Kabla ya Dripu ya Kwanza

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa haoni haya kuzungumzia mbegu. Miaka yote niliyofanya kazi ya uhimilishaji katika vijiji vya Muheza na pembezoni mwa Jiji la Tanga, nimeulizwa maswali na kina mama wenye mtamba mmoja bandani, na wazee waliotoka kuswali alasiri, hata na watoto wa shule. Mbegu hii ni ya dume gani? Mama yake alikuwa akitoa lita ngapi? Imekaa kwenye baridi tangu lini, na bado ina nguvu? Wanauliza mbele za watu na wanabishana bei kwa sauti. Halafu siku moja nikaingia na mpwa wangu katika chumba cha daktari wa saratani. Tulielezwa habari za nywele kunyonyoka, kutapika, homa, gharama, na nani atamsindikiza kijana siku za dawa. Kuhusu uzazi wake, kijana wa miaka 22 ambaye hajaoa, hakuna aliyetamka lolote.

Ninaandika kwa sababu ya ukimya ule. Nimeukuta tena na tena kwa watu wengine tangu hapo, na hauna sababu ya kuwepo.

Nilisomea uhimilishaji Usa River, Arusha, kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, wanakotunzwa madume ya Friesian, Ayrshire, Jersey, Boran na Mpwapwa. Mbegu za dume zikishavunwa na kupimwa, huchanganywa na maji maalumu na kugawanywa katika mirija myembamba. Mrija mmoja hubeba robo mililita tu, na mshindo mmoja wa dume zuri hutoa mirija mia kadhaa. Mirija hiyo huzamishwa katika naitrojeni ya maji, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Mimi nilikuwa nikiibeba kwa pikipiki, ndani ya mtungi wa alumini wenye kuta mbili, na katikati ya kuta hizo hamna hewa.

Watu wa mwambao walikuwa na swali moja ambalo sikuwahi kulikosa popote: umeme ukikatika je? Mtungi ule hauna waya wala swichi. Adui yake ni uzembe wa kutoujaza, maana naitrojeni inapungua kidogo kidogo kila siku hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Kina chake kinapimwa kwa kijiti. Unakichovya hadi chini, unakitoa, unakipunga hewani, na sehemu iliyozama inavaa ukungu mweupe wa barafu. Ukungu ukiishia chini ya alama, unatafuta naitrojeni siku hiyo hiyo, huahirishi. Kosa jingine tuliloonywa tangu siku za kwanza ni kunyanyua kikombe chenye mirija juu ya shingo ya mtungi na kuanza kusoma majina ya madume polepole. Sekunde chache zinatosha kuharibu kila kitu. Mrija ukipata joto kisha ukarudishwa kwenye baridi, mbegu zimekufa, na kwa macho utauona vile vile.

Mtu hujiuliza inakuwaje kitu chenye uhai kikagandishwa namna hiyo kisife. Kwa kweli chembe nyingi hufa zikigandishwa ovyo. Maji yakiwa barafu hutanuka, na kila aliyewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza anajua matokeo yake. Ndani ya mbegu, sindano za barafu hutoboa utando, na maji machache yanayobaki hugeuka chumvi kali inayounguza. Siku za mafunzo ndipo nilipojua kwamba dawa iliyolitatua jambo hili ni glisirini, ile ile inayouzwa madukani watu wakajipaka ngozi ikikauka. Inaingia ndani ya mbegu, inashika nafasi ya sehemu ya maji, na barafu haipati nguvu ya kujijenga kwa ukali. Baada ya hapo, kwenye baridi ya naitrojeni, hakuna kinachooza wala kinachozeeka.

Jinsi ilivyogunduliwa ni kisa ninachokipenda. Mwaka 1776 padri na mwanasayansi wa Italia, Lazzaro Spallanzani, aliziona mbegu zilizopozwa kwenye theluji zikitulia kabisa, kisha zikaanza kuogelea zilipopata joto. Lakini kuzitunza kwa muda mrefu kulishindikana karne na zaidi. Mwaka 1949, London, kwenye taasisi ya utafiti wa tiba ya Mill Hill, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakigandisha mbegu za jogoo kwa kutumia mchanganyiko wa sukari, na kila mara wakiambulia patupu. Kisha chupa moja kutoka chumba cha baridi ikafanya kazi. Walipoipeleka kupimwa ikaonekana haina sukari. Ina glisirini na protini ya yai. Lebo zilikuwa zimebadilishana. Watafiti wengi wangeiona ile ni bahati wakaendelea na sukari yao. Hawa waliifuata chupa. Ng'ombe wa maziwa wa Tanga, wa Kabete na wa Entebbe wanaohimilishwa kwa mrija ni watoto wa chupa ile.

Na binadamu hakuchelewa. Mwaka 1953, Jerome Sherman na Raymond Bunge wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitangaza kwamba mbegu za mwanamume zilizogandishwa kwa barafu kavu zimetunga mimba. Baadaye Sherman akahamia kwenye naitrojeni. Kwa hiyo jambo lenyewe lina zaidi ya miaka 70. Halina ugeni wowote.

Mpwa wangu aliugua kwa uvimbe wa shingoni usiouma, jasho la usiku na kupungua mwili. Wakakata kinyama, majibu yakarudi limfoma ya Hodgkin. Daktari alikuwa mtu mpole, na alitueleza kwa subira kwamba ugonjwa huu, ukiwahiwa, hutibika kwa wengi. Dada yangu alikaa karibu na mlango, bahasha ya vipimo mapajani. Mimi nilikuwa nawaza dawa zinazoua chembe zinazogawanyika haraka. Korodani hazipumziki, mbegu moja huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na nyingine zinaanza nyuma yake bila kukatika. Dawa inayowinda chembe za namna hiyo itazipita vipi hizo?

Nikauliza, "Daktari, na uzazi wake je?"

Akaweka kalamu chini. Alisema dawa nne atakazoanza nazo si kali sana upande huo na wengi hurudia hali yao, ila ugonjwa ukiwa mbishi zitahitajika kali zaidi, pengine na upandikizaji wa uboho, na baada ya hapo wapo wanaobaki bila mbegu maisha yao yote. Hakuna awezaye kusema mapema nani ataangukia upande gani. Mbegu zinaweza kuvunwa na kugandishwa kabla ya kuanza, na ugonjwa ulikuwa unaruhusu kusubiri siku chache. Nikamwuliza mbona hakutuambia. Akajibu bila kuficha: aliona kijana amekuja na mama yake, akadhani pia gharama ingetushinda.

Sina kinyongo naye, lakini sababu zote mbili sizikubali. Gharama ni yetu kuipima, na mama anaweza kuombwa atoke nje dakika tano. Kwa desturi zetu baba na mama wanaona tabu kuzungumza mambo ya mwili na mtoto wao mkubwa. Ndiyo maana kuna mjomba, kuna babu, kuna muuguzi. Kijana wangu hakuwa na aibu yoyote tulipobaki wawili koridoni. Aliniuliza tu, "Mjomba, kumbe inawezekana kama ng'ombe?" Nikamwambia inawezekana. Akasema twende.

Tulipelekwa kwenye kliniki binafsi ya uzazi Nairobi, jiji ambako watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa maabara walizaliwa mwaka 2006. Tukavuka Horohoro, tukalala Mombasa kwa jamaa, tukapanda treni. Kijana alikuwa na homa za jioni, akisinzia njia nzima. Tulishaambiwa kwa simu ajizuie siku mbili hadi tano kabla ya kutoa, asinywe dawa za kienyeji, na majibu ya damu ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini yaende naye, kwa sababu mbegu za mtu mwenye maambukizi huwekwa mtungi wake.

Alipewa kikopo chenye jina lake na namba, akaonyeshwa chumba kidogo chenye kitasa kinachofungwa kwa ndani. Alikaa muda. Mgonjwa mwenye homa, mbali na nyumbani, akijua watu wanamngoja nje, si kazi rahisi, na ninawashukuru wahudumu wa pale kwa kuwa hakuna aliyegonga mlango. Alipotoka, mtaalamu wa maabara, dada mmoja mwenye maneno machache, akaniambia, "Mzee, kijana anasema nawe ni wa kazi hii. Karibu uangalie, yeye ameruhusu."

Kwenye hadubini niliona kile nilichokuwa nikikihofia. Mbegu zilikuwa chache, nyingi zimelala, nyingine zinazunguka pale pale. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataja milioni 16 kwa mililita kuwa ukingo wa chini kwa wanaume waliopata watoto kwa njia ya kawaida. Hizi hazikukaribia hapo. Ugonjwa wenyewe na homa huzipunguza kabla dawa haijaingia. Tena nilijua kwamba zikigandishwa na kuyeyushwa, karibu nusu ya zinazotembea huwa hazitembei tena. Dume lenye mbegu kama zile tungeliondoa kituoni.

Yule dada akanisahihisha. Kwa ng'ombe tunategemea mbegu zisafiri zenyewe. Kwa binadamu siku hizi si lazima. Tangu mwaka 1992, wataalamu wa Brussels walipotangaza mimba za kwanza za njia hiyo, mbegu moja huchukuliwa kwa sindano ya kioo na kuingizwa ndani ya yai moja. Kwa hiyo mrija wenye mbegu chache si takataka. Akaongeza kwamba ndiyo sababu yeye hamkatalii mgonjwa wa saratani kwa kuwa hesabu yake ni ndogo. Maneno yale ningependa yamfikie kila kijana aliyewahi kuambiwa na mtu asiyejua kwamba zake hazifai kuhifadhiwa.

Akaanza kazi. Alitia maji ya glisirini na kiini cha yai tone kwa tone, akizungusha kikopo kwa mkono, kwa sababu glisirini ikimwagwa yote mara moja huidhuru mbegu. Akajaza vichupa vidogo, akaandika kila kimoja kwa kalamu isiyofutwa na baridi, jina na namba na tarehe, na msaidizi wake akavisoma kwa sauti kuhakikisha. Kisha vikaning'inizwa kwenye mvuke juu ya naitrojeni vipoe taratibu, ndipo vikazamishwa. Kichupa kidogo cha majaribio kiliyeyushwa kwanza, akakitazama. Baadhi zilikuwa zinaogelea. Nilisikia koo limenikaba.

Kisha ikaja fomu. Kati ya mistari mingi ulikuwepo mmoja unaouliza: mwenye mbegu akifariki, zifanyweje? Ziharibiwe, apewe mke, au nyingine, eleza. Dada yangu, ambaye hadi hapo alikuwa kimya, akamshika mwanawe bega. Alitaka aandike zihifadhiwe. Hakuweza kusema kwa nini, lakini sote tulimwelewa: kama Mungu atamchukua, abaki na kitu.

Wazo lile si la dada yangu peke yake. Mwaka 1866, kabla ya mtu yeyote kujua namna ya kugandisha mbegu zikabaki hai, Paolo Mantegazza wa Italia aliandika kwamba siku moja askari aendaye vitani ataacha mbegu zake, na mkewe ataweza kupata mtoto wake hata baada ya mume kuuawa. Na Uingereza kesi ya Diane Blood ilitikisa nchi. Mumewe, Stephen, aliugua homa ya uti wa mgongo mwaka 1995, mbegu zikachukuliwa akiwa hana fahamu, akafa. Sheria ya huko ya mwaka 1990 ilidai ridhaa ya maandishi, na haikuwepo. Mjane aligombea mahakamani hadi Februari 1997, Mahakama ya Rufaa ilipomruhusu kuzipeleka Ubelgiji, na akazaa watoto wawili wa kiume, mwaka 1998 na 2002. Ninamheshimu mama yule. Lakini kesi ile yote ilitokana na sahihi moja ambayo mgonjwa hakupata nafasi ya kuiweka.

Mpwa wangu alipata nafasi. Alimtazama mama yake, akasema kwa upole, "Mama, mwanangu nataka anikute." Akaandika: ziharibiwe. Dada yangu akalia. Nami nilisimama na kijana, na leo ningesimama naye tena. Mbegu ni za aliyezitoa, na neno lake akiwa na akili timamu linatangulia huzuni yetu sisi tunaompenda.

Tuliporudi Tanga, shemeji alitaka kujua dini inasemaje, akaenda kwa sheikh. Jibu alilopewa lilikuwa la wazi kuliko alivyotarajia. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Amman mwaka 1986, lilikubali mbegu za mume na yai la mke kukutanishwa maabara, na mimba ibebwe na mke huyo huyo, ndoa ikiwepo. Sheikh akasema kuhifadhi kwa ajili ya maradhi hakuna tatizo, mradi zitumike kwa mke wa halali, mwenye mbegu akiwa hai, kwa sababu kifo kinakata ndoa, na mradi zisichanganyike na za mtu mwingine. Alichoandika kijana Nairobi kikawa kimelingana na fatwa ile. Wakatoliki mambo ni mengine: tamko la Roma la mwaka 1987, Donum Vitae, linakataa mimba inayotungwa nje ya tendo la ndoa. Muumini azungumze na padri wake, ila azungumze mapema.

Kuna jambo la kuangalia pia kwenye kuchagua pa kuhifadhi, na hapa nasema kama mtu wa mtungi. Uliza wanajaza naitrojeni mara ngapi, nani anapima usiku na sikukuu, kengele ya tahadhari inamlilia nani. Uliza kama vichupa vyako vitagawanywa katika mitungi miwili. Tarehe 4 Machi 2018, huko Cleveland, Marekani, mtungi wa hospitali ulipata joto na mayai na viinitete zaidi ya 4,000 vikaharibika, katika nchi yenye kila mtambo. Uliza ada ya mwaka, na usiposikia kutoka kwao, wapigie wewe. Familia yetu imegawana ada hiyo kati ya watu watatu ili asiwepo wa kulegea.

Muda wenyewe si wa kuogopesha. Madaktari wa Manchester waliandika habari za kijana wa miaka 17 aliyeugua saratani ya korodani na kuhifadhi mbegu zake mwaka 1979. Mtoto wake alizaliwa mwaka 2002.

Mpwa wangu alimaliza dawa. Ugonjwa umelala, nywele zimeota, anafanya kazi bandarini. Hajaoa, na hajataka bado kwenda kupima kama mwili wake umerudia kutengeneza mbegu. Sisi hatumsukumi. Vichupa vyake viko kwenye baridi, vinamngoja au havimngoji, ni uamuzi wake.

Sasa wewe unayesoma. Kama ni muuguzi au daktari, muulize kijana akiwa peke yake, kabla ya dawa, mionzi au upasuaji wa korodani, hata kama unadhani hana fedha. Kama ni mzazi wa kijana mwenye siko seli anayetumia haidroksiurea, usimkatize dawa, inaokoa maisha; lakini jua kwamba inaweza kupunguza mbegu akiitumia, ukamwulize daktari wake. Kama mtoto hajabalehe, hana mbegu za kugandisha, na kugandisha vipande vya korodani bado kuko kwenye utafiti. Asikuuzie mtu matumaini ya uongo. Na kama ni mjomba, shangazi au babu, ingia chumba cha daktari na swali lako tayari mdomoni. Dawa zikishaanza, maabara nyingi hazitazipokea mbegu zake kwa muda mrefu, kwa kuwa huenda zimeshadhurika. Kuzivuna na kuzigandisha kabla ya hapo ni kazi ya asubuhi moja.